Msemaji Tuliyemtuma kwa Waziri

Walimwaga pipa la kwanza kabla sijamaliza kujifunga kitenge. La pili nililishika kwa mikono miwili, nikaambiwa niachie, nikaachia. Sabuni ilikuwa bado uji, ya njano nzuri, imebaki kidogo tu ishikane. Uji ule ulitambaa uani mpaka mferejini, ukakutana na maji ya jirani aliyekuwa anaosha masufuria, ukaanza kutoa povu. Povu likashuka na barabara yetu ya Mutakura kama la bia iliyofunguliwa vibaya. Watu waliokuwa wanakwenda kazini walikunja suruali wakaruka. Mmoja alisema, "Leo Mutakura tunaogeshwa bure," na wenzake wakacheka. Sikumchukia. Ningekuwa mpita njia, labda na mimi ningecheka.

Lakini pipa si kitu kilichoniua siku ile. Mapipa nilishapoteza mengi katika maisha haya, na nyumba, na watu. Kilichoniua ni karatasi.

Mkuu wa wakaguzi alikuwa mwanaume wa makamo kama mimi, mwenye adabu, hata viatu alivifuta kabla ya kuingia uani. Alinisomea kwamba sabuni isiyo na kashe ya ubora, yaani muhuri wa serikali, hairuhusiwi kupikwa wala kuuzwa, na kwamba soda kali, yale magadi ya unga yanayounguza ngozi, atauziwa tu mwenye kiwanda chenye maabara. Halafu akasoma mstari uliosema uamuzi huu umechukuliwa kwa makubaliano na watengenezaji wadogo wa sabuni wa kaskazini ya mji.

"Makubaliano na nani?" nikamuuliza.

"Na nyinyi, mama."

"Nani alitukubalisha?"

Akafungua ukurasa wa nyuma. Kulikuwa na orodha ya majina na saini. Jina langu lilikuwa la nne. Mimi niliishia darasa la nne, na herufi ya mwisho ya jina langu huwa inalala chali, siwezi kuisimamisha. Ilikuwa imelala pale pale.

"Hii siniatiri si ya kwako, mama?"

"Ni ya kwangu."

"Sasa unalia nini? Mulikubali wenyewe."

Nataka kueleza tulivyokubali. Sitaandika majina ya watu, maana Mutakura yote inayajua na walio nje ya Mutakura hayatawasaidia kitu. Lakini wenye makosa nitawataja mmoja mmoja kwa kazi zao, na mwenyewe nimo.

Kupika sabuni nilijifunza Uvira, ng'ambo ya mpaka, tulipokimbilia wakati wa vita. Kabla ya hapo nilikuwa msichana wa Cibitoke, hapa hapa mjini. Walipokuja wauaji niliokoka kwa kulala chini ya magunia ya makaa, huku sauti ninayoijua inaita jina langu mlangoni kwa upole, kama jirani anayeomba chumvi. Sikuitika. Walioitika hawapo. Tangu siku ile mwili wangu umeshika somo moja tu, kwamba hatari ikija, funga mdomo. Naliandika hapa kwa sababu litarudi.

Uvira kulikuwa na mama mmoja Mkongo aliyekuwa anapika sabuni ya mawese nyuma ya kanisa. Alinifundisha kila kitu, na cha mwisho alichonifundisha ni ulimi. Sabuni ikishakauka kidogo unaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikikuuma kama nyuki, soda imezidi, itachubua mikono ya watu, rudisha jikoni. Ikinyamaza, uza. Miaka yote niliyopika Mutakura sikuuza sabuni ambayo sikuionja kwanza. Watoto wangu walikuwa wanasema mdomo wangu unanuka kufua.

Tulikuwa nyumba kumi na moja tunaopika kwenye mitaa yetu. Mawese tulikuwa tunaletewa kutoka Rumonge, soda tunanunua kwa kilo mtaa wa Buyenzi, kwa Haji, mzee wa ukoo wa Kiarabu ambaye babu yake aliuza kitambaa kwenye duka lile lile. Tulifulia nusu ya mji, nasema bila kujisifu. Kisha mambo yakaanza kukaza. Sabuni za nje zikawa zinaingia kwa malori. Soda ikawa inakuja mara moja, halafu inapotea, eti hakuna dola za kuiagiza. Na redioni wakaanza kutangaza kwamba serikali inaandaa mpango mpya wa uchumi, wa kulinda viwanda vya nyumbani, na kila sekta ilete maoni yake.

Hapo ndipo anaingia mkosaji wa kwanza. Tulimwita Patro, yaani bosi, kama kila mtu. Ana kiwanda cha sabuni na mafuta kule Zone Industrielle, eneo la viwanda karibu na bandari. Ni mkuu wa chama cha wafanyabiashara, na kila serikali inapotaka kujua biashara inasema nini, inamuuliza yeye. Anakaa kwenye kamati inayomshauri waziri juu ya kodi, juu ya forodha, juu ya nani apewe dola na nani asubiri. Watu wanadhani sheria zinaanzia bungeni. Nyingine zinaanzia kwenye simu yake, na bunge linazisikia kama sisi, redioni.

Na tulimpenda, hilo lazima niseme. Alikuwa mtoto wa Cibitoke. Alianza na meza ya mbao, akiuza vipande vya sabuni za mikono kama zetu. Akipita Mutakura alikuwa anashusha kioo cha gari na kusalimia: "Wamama wa sabuni, munaendeleaje?" Tunafurahi wiki nzima.

Basi tulikutana kwangu kuamua nani aende kutoa maoni yetu. Jirani yangu mjane, ambaye tulikuwa tunapika pamoja na kugombana pamoja, alisema, "Msinitazame. Mimi nikisimama mbele ya waziri nitajikojolea, na ile sabuni yote haitatosha." Mwingine akasema Kifaransa chake kinaishia *bonjour*. Mimi nilisema hatuhitaji Kifaransa, tunahitaji msemaji.

Ni mimi niliyesema. Si mjane, si mwingine.

Kwetu, wakati wa kupeleka mahari, familia haisemi. Wazee wanakaa, vijana wanakaa, hata baba wa bwana harusi anakaa mikono magotini. Anasema msemaji peke yake, aliyechaguliwa kwa ufasaha wake. Na akishasimama, humkatizi. Kumkatiza msemaji wako mbele ya wageni ni kama kuvua nguo hadharani, aibu haiwi yake, ni ya ukoo mzima. Nilisema: tumtume Patro, ni mtoto wetu, anajua sabuni, waziri anamsikiliza. Wote wakasema ndiyo, ndiyo kabisa.

Tulikwenda nyumbani kwake kwa heshima, Jumapili baada ya misa, na kreti ya bia na chupa za pombe ya ndizi. Alitupokea vizuri, akavuta viti mwenyewe. Mzee mmoja kati yetu alitoa maneno tuliyomtuma, nayo yalikuwa mawili tu. La kwanza, soda iendelee kuuzwa kwa kilo madukani, tusinyimwe. La pili, kama kashe ya ubora ni lazima, basi tupewe muda, na tupewe mtu wa kutufundisha. Patro aliyarudia maneno yote mawili, neno kwa neno, akahesabia kwenye vidole. Kisha akafungua bia, akanywa ya kwanza mbele yetu. Kwa desturi jambo limeisha hapo. Ukinywa kinywaji cha kutumwa, umebeba neno.

Kesho yake nilikwenda Buyenzi kununua soda, nikamwambia Haji kwa majivuno. Haji aliweka kijiko chake cha kupimia chini.

"Mwenye kiwanda cha sabuni munamutuma akawasemee habari ya sabuni?"

"Ni mutoto wetu, Haji."

"Subhanallah. Mukimaliza mumutume na paka akawagawie ndagala."

"Haji, we hujui desturi yetu. Musemaji hawezi kugeuza neno."

"Dada yangu, mi nimeuza dukani hapa tangu sina ndevu. Neno sijaliona likigeuka. Mutu ndiye anageuka." Akafunga mfuko wangu, akauongezea kijiko kimoja juu kama kawaida. "Haya, Mungu awe pamoja nanyi. Musisahau kufunga mfuko, unyevu unaharibu."

Nilitoka nikiwa na hasira naye. Nilisema moyoni, huyu mzee ana wivu. Miaka hii yote bado nikilikumbuka lile jambo natamani kujipiga kibao.

Mkutano ulikuwa kwenye hoteli ya pale ufukweni, asubuhi. Viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, sawasawa na vya harusi. Meza ya mbele ilikuwa na maua. Naapa kama wangetuweka kwenye mabenchi ya shule labda tungeelewa tuko wapi, lakini tulipoona vile viti, wote kumi na mmoja tulikaa kama upande wa bwana harusi. Ilipitishwa karatasi, tukaambiwa tutie saini kuonyesha tumehudhuria. Tukatia. Mjane alilalamika kalamu haiandiki, akaomba nyingine, akatia saini vizuri kabisa.

Waziri mwenyewe hakuja, alituma mkurugenzi. Patro alisimama, akasema kwa Kifaransa kirefu. Kisha mkurugenzi akamwomba afupishe kwa Kirundi, kwa ajili yetu tuliokaa nyuma. Akageuka akatutazama kwa upendo.

Alisema: wapishi hawa wadogo wa sabuni, ambao ni mama zangu na dada zangu, wamenituma. Wanasema wamechoka kupika majumbani kwa hatari. Wako tayari kuacha, waingie kwenye viwanda kwa utaratibu. Na wanaomba soda kali isiuzwe ovyo madukani, kwa sababu imeunguza watoto wao.

Mjane alinifinya paja. Nilimfinya na mimi.

Mtu atauliza, sasa mbona hamkusimama? Nimeulizwa na watoto wangu, nimeulizwa na Haji, nimejiuliza mwenyewe nikikoroga na nikiacha kukoroga. Jibu lina vipande viwili na vyote vinanitia aibu. Kipande kimoja ni magunia ya makaa. Moyo wangu uliposikia hatari, mdomo ulijifunga wenyewe. Lakini hicho ni changu peke yangu, na wengine kumi je? Wengine walifanya nilivyofanya kwa sababu ya kipande cha pili, yaani tulidhani anazunguka.

Msemaji mzuri wa mahari huwa haendi moja kwa moja. Anasema tumekuja kutafuta ndama aliyepotea. Anasema hatutaki kitu, tunapita tu. Anajifanya anakataa ili akubali, anasifu upande wa pili mpaka wanacheka, na wakishalegea ndipo analigeuza neno na kulitua lilipotakiwa. Kadiri anavyozunguka mbali ndivyo wazee wanavyotikisa kichwa: huyu anajua! Basi tulikaa tukisubiri Patro ageuke. Mzee wetu alininong'oneza, "Ngoja. Mwone sasa anavyokuja." Tukangoja. Patro akasema asanteni, akakaa.

Na tukapiga makofi.

Msemaji akikaa, ukoo unapiga makofi, mikono ilikwenda yenyewe. Mkurugenzi alitutazama, akatabasamu, akaandika. Huyo ni mkosaji wa pili. Aliona watu kumi na moja wa nyuso zilizokauka wanapiga makofi kama waliotoka mazishini, na hakuuliza hata swali moja. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Alikuwa na maikrofoni mbili mezani.

Sitasema kwamba yote aliyosema Patro yalikuwa uongo. Mtoto mmoja wa mtaa wa chini aliungua kweli mkono, kwa soda iliyoachwa wazi kwenye kopo. Wapo waliokuwa wanapika ovyo, wanauza sabuni mbichi inayochubua. Tulikuwa tunawajua na tulinyamaza pia. Ndiyo maana tuliomba tufundishwe! Lilikuwa neno letu la pili. Alilihesabu kwenye kidole.

Msemaji aliyetumwa akimaliza kazi anarudi kwa waliomtuma. Anakaa, anapewa kinywaji, anaeleza: nilisema hivi, wakajibu hivi. Asiporudi, neno bado liko mikononi mwake, jambo halijaisha. Tuliandaa kwangu. Mjane alipika maharage na ndizi, tukaweka kiti chenye mgongo upande wa mlango. Tulisema atatueleza hila yake, tutacheka. Hakuja Jumapili ile. Hakuja iliyofuata. Kiti tulikirudisha kwa jirani aliyetuazima.

Kisha soda ikapotea Buyenzi. Haji alinionyesha kijiko chake cha kupimia kilichokauka, hakusema "nilikuambia," na nilimheshimu kwa hilo zaidi ya maneno yote. Tulipika na iliyobaki. Na asubuhi ile wakaja, wakamwaga, wakanisomea saini yangu.

Wiki ile nilikwenda Zone Industrielle. Nilisimama kwenye geti la kiwanda tangu saa mbili. Mlinzi aliniuliza kama nina randevu, ahadi ya kuonana na bosi. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtuma bosi wako. Akanitazama kandambili zangu.

"Ulimutuma wapi, mama?"

"Kwa waziri."

"Aa. Basi ngoja hapo kwenye kivuli, mama wa waziri."

Gari lilitoka karibu na saa sita. Patro alinitambua, akashusha kioo, kama zamani.

"Mama, habari ya siku nyingi? Umeona tulivyowasemea vizuri?"

"Ulisema neno ambalo hatukukutuma."

Hakukasirika, na hilo ndilo lilinichosha kabisa. Alinielezea kwa subira, gari linanguruma, kwamba nchi haiwezi kujengwa na mapipa ya uani. Kwamba kule juu ukileta maombi madogo madogo hakuna anayekusikia, lazima ulete sera. "Mi niliangalia mbali, mama. Nyinyi munaangalia kesho."

"Sisi ndio tunaokula kesho."

"Njoo ufanye kazi kwangu," akasema. "Nahitaji wamama wa kufunga sabuni kwenye karatasi. Wenye mikono ya kazi." Kioo kikapanda.

Mimi sikwenda. Mjane alikwenda, na simlaumu, ana wajukuu. Siku moja aliniletea kipande cha sabuni ya kule, kimefichwa kwenye kifua, chenye kashe na picha ya ua. Tulikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, nikakifungua. Nilitaka iume. Mungu anisamehe, nilitamani inichome ulimi mpaka nitoe machozi, nipate cha kupeleka redioni. Niliigusa. Ilinyamaza.

"Inasemaje?" mjane akaniuliza.

"Ni sabuni nzuri."

"Shenzi," mjane akasema.

"Shenzi kabisa."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Kisha kicheko kikakatika, maana tulielewa wote wawili kwamba kama ingekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Patro anajua kupika sabuni, alijifunza kwa watu kama sisi, na alijua kabisa tulichomwomba. Hakukosea kusikia, hakusahau. Alipewa neno, akalipeleka soko jingine.

Nimeambiwa ninyamaze. Mtoto wangu mkubwa ananiambia, mama, yule ni mtu mkubwa, na wewe ulishaokoka mara moja. Ndiyo, niliokoka kwa kunyamaza. Nilinyamaza tena kwenye kiti chenye utepe, na safari hii kunyamaza kwenyewe ndiko kulikotumaliza. Nimemtaja Patro. Nimemtaja mkurugenzi aliyeandika bila kuuliza. Yule mkaguzi mwenye adabu simtaji kama mkosaji, alitumwa na akasema alichotumwa, heri yeye. Wa tatu ni mimi, niliyesema tumtume, na nikapiga makofi.

Mimi nimeshajibu, nimeandika haya yote kwa mkono wangu, na herufi imelala chali hapo chini. Bado wewe, Patro. Sikuombi mapipa, sikuombi kazi ya kufunga karatasi. Uliinywa bia yetu ukabeba neno letu, na kwa desturi uliyozaliwa nayo bado hujarudi. Nimeazima tena kiti kile chenye mgongo, kiko upande wa mlango. Njoo Mutakura mchana, watu wakiwa macho, ukae mbele ya nyumba zote kumi na moja, uhesabu kwenye vidole vyako maneno tuliyokupa, halafu uhesabu uliyoyasema. Tutakaa mikono magotini. Hakuna atakayekukatiza. Lakini ukimaliza hatutapiga makofi, tutakuuliza: nani alikutuma?